Mjue Mteja Wako

Hakuna mtu aliyewahi kumdanganya Bi Saini kwenye kaunta namba tatu. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja wa benki, na hawakumpa kwa mapenzi. Mama huyu alikuwa na macho ya kuona kwamba mkia wa herufi yako ya mwisho leo umepinda kushoto, ilhali siku ulipofungua akaunti ulipinda kulia. Ungeapa, ungetoa kitambulisho, ungemleta na mkunga aliyekupokea duniani, yeye angekurudishia karatasi kupitia kile kitundu cha chini ya kioo na kukwambia kwa upole, "Jaribu tena, mteja wetu mpendwa."

Seremala mmoja mstaafu, mkono unatetemeka kwa uzee, alikwenda kuchukua pensheni yake akashindwa kuiandika saini yake mwenyewe. Bi Saini akamshauri aende nyumbani akaupumzishe mkono. Mzee wa watu akaenda, akaupumzisha, akarudi kesho yake. Mkono ulikuwa umepumzika lakini haukuwa umerudi ujanani. Akashauriwa aende tena.

Siku nyingine alikuja mama muuza nyanya, safari hiyo ana fedha nyingi kuliko kawaida yake. Bi Saini akamuuliza zimetoka wapi. Mama akasema ni rambirambi, amefiwa na mzazi wake.

"Pole sana," alisema Bi Saini, na alimaanisha. "Cheti cha kifo unacho?"

Msimdhanie vibaya. Hakuwa na roho mbaya, alikuwa na imani. Nyuma yake ukutani palikuwa na bango kubwa la benki, picha ya kijana anayetabasamu kama aliyekuta meno yake yote yapo, na maneno: MJUE MTEJA WAKO. Chini yake kwa herufi ndogo ilielezwa kwamba benki inapiga vita fedha haramu. Kila mwaka wafanyakazi walipelekwa semina hotelini, wakanyweshwa chai na kufundishwa jinsi ya kumtambua mtu mwenye fedha zisizoeleweka. Bi Saini aliandika kila neno. Wenzake walisubiri vitafunio. Alirudi kazini akiamini kwamba yeye na kaunta yake ndio ukuta, na ukuta ukilegea nchi imekwisha.

Bahati mbaya ukuta huo ulikuwa na mlango wa nyuma, na mlango huo ulitumiwa na Bwana Sponji.

Bwana Sponji alikuwa na duka la magodoro mtaa wa pili kutoka benki. Duka kubwa, la vioo, magodoro yamepangwa mpaka darini, yote yangali ndani ya nailoni. Watu waliopita hapo kila siku walikuwa wanayajua magodoro yale kama wanavyowajua majirani: lile la maua mekundu, lile lililobonyea pembeni, lile ambalo paka alizalia juu yake. Hakuna lililowahi kuhama. Muuzaji wa dukani alikuwa akisinzia kwenye kiti kigumu, jambo la kushangaza kwa mtu aliyezungukwa na mali kama ile. Lakini biashara ilikuwa nzuri, tena nzuri ajabu. Kila baada ya siku chache gari lilisimama nyuma ya benki na kushusha ile mifuko mikubwa ya kutilia mito, nayo haikuwa na mito.

Mifuko iliingia moja kwa moja ofisini kwa meneja. Humo mlikuwa na mashine ya kuhesabia noti, na noti zikishapita humo zilitoka zimenyooka na kupangika, utadhani zimetoka kwa dobi. Kutoka hapo safari yake ilikuwa nyepesi. Nyingine zilikwenda nje ya nchi kulipia sponji, na sponji iliyolipiwa ilikuwa nyingi kiasi kwamba kama kweli ingefika, taifa zima lingetembea kwa kudunda. Nyingine zilikaa kwenye akaunti, kisha benki hiyohiyo ikamkopesha Bwana Sponji kwa dhamana ya fedha zake mwenyewe, akajenga maghorofa. Ukimuuliza fedha za kujengea amezitoa wapi, anakuonyesha karatasi za mkopo wa benki. Nani abishane na benki? Mwisho wa mwaka alipewa ngao ya Mteja Bora, akapiga picha na meneja, wote wawili wakishika upande mmoja mmoja kama wanaogopa itaanguka.

Na mtaa mzima ulijua Bwana Sponji anauza nini. Anauza unga. Si ule wa kupikia.

Bi Saini naye alijua, kama ajuavyo mtu kwamba jirani yake anampiga mkewe: amesikia, lakini hakuwapo. Mambo ya mlango wa nyuma hayakuwa ya kaunta namba tatu. Bango lilisema mjue mteja wako, na Bwana Sponji hakuwa mteja wake, alikuwa mteja wa meneja. Hivyo ndivyo alivyojiambia, naye hakuuliza zaidi.

Lakini unga ulikuwa umeshafika nyumbani kwake zamani, bila kupitia kaunta yoyote.

Alikuwa na mdogo wake wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Mama yao alifariki mtoto huyo hajaanza hata shule, na Bi Saini, wakati huo ndiyo kwanza ameajiriwa, akambeba. Alimwogesha, akamlipia ada, akamtandika alipostahili kutandikwa na alipokosa kustahili. Alipoolewa, alimwambia bwana harusi kwamba mzigo unakuja na kijana mmoja. Mume, mwalimu wa hesabu asiyependa maneno mengi, alisema tu, "Moja jumlisha mbili si hesabu ngumu."

Kitinda alikuwa kijana wa kuchekesha, fundi wa kuiga sauti za watu. Akapata kazi ya kuchomelea vyuma, akapata na marafiki. Mwanzoni zilipotea chenji mezani. Halafu zikapotea sufuria. Ikaja ikapotea pasi ya umeme, ingali na moto, maana Bi Saini alikuwa ameiacha dakika chache tu akachukue gauni la kazini. Mume alipoulizwa wafanye nini, alijibu, "Tuvae zilizokunjamana. Hata benki itajua tuna shida."

Walimpeleka hospitali, akapata nafuu, akarudi kulekule. Bi Saini alilia, akafoka, akabadilisha kitasa. Kitinda akaondoka, na kwa muda mrefu hawakujua alipo. Kila simu ngeni ilipoingia, dada mtu aliitazama kwanza, akiogopa kuambiwa akatambue mwili.

Basi siku moja ile mashine ya ofisini kwa meneja ikaharibika. Ilikuwa imekula noti mpaka imekabwa. Fundi yuko safarini, na mifuko ya mito imeshashushwa. Meneja akafikiri, akakumbuka kwamba katika tawi zima hakuna vidole vyepesi kama vya kaunta namba tatu. Akatoka mwenyewe mpaka ukumbini, foleni imejaa, na nyuma yake mlinzi amebeba mifuko miwili. Nyuma ya mlinzi alikuja kijana mwembamba amevaa shati jipya, mikunjo ya kwenye boksi bado imo kifuani.

"Bi Saini," meneja alisema, "huyu ni kijana wa Bwana Sponji. Naomba umhudumie vizuri." Kisha akamgeukia kijana na kumvutia kiti, kile cha ngozi ambacho wateja wa kawaida walikiona kwa macho tu. "Kaa, kaa hapa bosi wangu. Maji ya baridi au ya kawaida?"

"Baridi," alisema Kitinda.

Bi Saini alimtazama mdogo wake kupitia kioo. Mashavu yameingia ndani, midomo imepauka, na vidole vimeungua ncha. Mwezi uliopita meneja huyohuyo alikuwa amemnyima mkopo mkunga wa hospitali kwa sababu, eti, mapato yake hayaeleweki.

"Dada, shikamoo," alisema Kitinda. Alisema kwa aibu, akitazama chini.

Bi Saini alijaribu sauti ya nyumbani ikakataa kutoka. Iliyotoka ni ile ya kazini. "Marahaba. Karibu. Chanzo cha fedha hizi ni nini?"

Meneja akakohoa. "Hiyo tuiruke, Bi Saini. Huyu ni mteja wetu wa siku nyingi."

"Nauliza kila mtu. Juzi nimemuuliza mfiwa."

Kitinda akageuka kumtazama meneja, akamtazama dada yake. Labda ni yale maji ya baridi, labda ni kile kiti, labda alikuwa amechoka tu. Akasema kwa sauti yake ya kawaida, ambayo siku zote ilikuwa kubwa:

"Dada, si unajua? Ni unga."

Ukumbini feni ya darini tu ndiyo iliyoendelea na kazi.

"Unga gani?" aliuliza Bi Saini.

"Unga, dada. Ule ulionilaza hospitali. Ule ulioondoka na pasi yako."

Wa kwanza kucheka alikuwa meneja. Alicheka kwa kifua chote, akampiga kijana begani. "Ana utani huyu! Mnamwona?" Mlinzi akacheka kwa kuwa meneja amecheka. Kisha foleni nzima ikacheka, kile kicheko cha watu walioona shimo mbele yao na kuambiwa ni kivuli. Bwana mmoja mwenye tai alicheka mpaka akatoa leso.

"Bwana Sponji amepanua biashara," meneja aliwaeleza, kana kwamba kuna aliyeuliza. "Siku hizi anauza na unga wa ngano. Bi Saini, ingiza hivyo hivyo. Chanzo: biashara ya unga."

Hivyo ukweli ukaagizwa uingizwe benki, kwa amri ya meneja mwenyewe, na pasipo kosa hata la herufi.

Bi Saini aliusukuma mfuko ukarudi upande wa pili. "Sipokei."

"Sababu?"

"Mteja ameniambia fedha zimetoka wapi, na mimi nimemwelewa."

Meneja hakugombana. Aliuinua mfuko kwa mkono wake, akausogeza hatua chache, akauweka kaunta namba mbili, kwa binti mmoja aliyekuwa bado kwenye mkataba wa majaribio. Binti akamtazama Bi Saini, akamtazama meneja, akakumbuka kodi ya chumba, akaanza kuhesabu. Ushujaa wa Bi Saini uliichelewesha biashara kwa muda wa kunywa glasi moja ya maji. Kitinda aliyamaliza yake, kichwa kikaanza kumwangukia kifuani, akasinzia palepale kwenye kiti cha ngozi huku mlinzi akimzibia upepo wa mlangoni asipate baridi.

Jioni meneja alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Leo umemdhalilisha mteja mbele za watu."

"Bango letu linasema mjue mteja wako. Mimi huyu namjua. Nimemwogesha."

Meneja alishtuka kidogo kusikia hivyo, lakini si kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mzima, mwenye watoto, na kwa kweli hakuwa mkatili. "Pole kwa matatizo ya familia," alisema. "Lakini bango lile ni kwa ajili ya watu tusiowajua. Bwana Sponji tunamjua, tatizo liko wapi? Benki si polisi, mama. Fedha ikishaingia hapa ni namba. Namba haivuti, haijidungi, haiibi pasi."

Bi Saini akapiga simu makao makuu, kwenye kitengo walichoambiwa katika semina zote kwamba kinalinda siri ya mtoa taarifa. Aliyepokea alimshukuru sana kwa kuwa macho. Asubuhi yake meneja alikuwa na habari zote, pamoja na saa aliyopiga. Kabla wiki haijaisha Bi Saini alihamishiwa dawati la kadi zilizomezwa na mashine, kwenye korido, mkabala na choo cha wafanyakazi. Alikaa hapo na kisanduku cha kadi, akisikia maji yakivutwa. Barua ya uhamisho ilisema benki inatambua uzoefu wake.

Bwana Sponji naye alikuwa na namna yake ya kuhamisha wafanyakazi. Jumapili mchana, mwalimu akiwa anasahihisha mitihani barazani, Kitinda alifika mkono umefungwa kwa shati lile jipya, meno mawili ya mbele hayapo, jicho limeziba. Kijana aliyesema ukweli benki alikuwa amefundishwa kunyamaza, na walimu wake hawakutumia chaki.

Mwalimu alisogeza karatasi zake kumpisha. "Ingia," alisema. "Dada yako yuko jikoni. Usimshtue."

Bi Saini alichemsha maji, akamwosha mdogo wake uso, naye Kitinda akigumia. Alipofika shingoni aliona mifupa ya bega ilivyochomoza, na hapo ndipo alipokaa chini sakafuni na kitambaa mkononi, akalia kimya kimya ili mwalimu asisikie. Mwalimu alisikia. Alikuwa amesahihisha karatasi moja mara tatu.

"Bwana Sponji alikuwa anakulipa nini?" Bi Saini aliuliza baadaye.

"Unga, dada. Mshahara usiohitaji akaunti."

Bi Saini akakumbuka bonasi. Kila mwisho wa mwaka tawi lao lilipata bonasi kubwa kuliko matawi yote, kwa sababu ya amana nyingi, na ni bonasi hiyo iliyomlipia Kitinda hospitali mara ya kwanza. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema. Wasichosema ni kwamba mara nyingine anayekula ndiye wa kwanza kupika, na anakula akisifia mapishi.

Walimpeleka kwenye nyumba ya kurekebisha waathirika, iliyoendeshwa na nesi mstaafu mwenye sauti ya kuamsha maiti. Nesi alimpokea Kitinda kama anavyopokelewa mgeni aliyechelewa. "Wiki ya kwanza utanichukia," alimwambia. "Ya pili utanitukana. Ukifika ya tatu tutaanza kuzungumza."

Kwenye ukuta wa bweni palikuwa na kibao cha shaba: magodoro ya nyumba hii yametolewa na Bwana Sponji, kwa udhamini wa benki, katika kupiga vita dawa za kulevya. Bi Saini alikisoma mara mbili. Alimtazama nesi.

"Najua," alisema nesi. "Wagonjwa wangu walikuwa wanalala kwenye saruji. Ningefanyaje? Nilikisugua kile kibao na chumvi, hakitoki."

Kitinda, homa imemshika na meno yanagongana, alibonyeza godoro kwa kiwiko. "Kumbe yapo kweli," alisema. Ndiyo mara ya kwanza kwa miaka mingi dada yake kumsikia akitania.

Alichukia, akatukana, akajaribu kuruka ukuta akanaswa na kamba ya kuanikia nguo. Lakini alikaa.

Huko nje, mambo yaliharibika kutokea mbali. Kwenye bandari ya nchi nyingine walikamata mzigo wa unga, wakafuata fedha, na fedha zikawaonyesha sponji ambayo hakuna kiwanda kilichowahi kuitengeneza. Wapelelezi wakaja. Benki ilishangaa. Ilishangaa kwa taarifa rasmi kwa vyombo vya habari. Mpelelezi mmoja, mwanamke kijana, alimkuta Bi Saini koridoni na kisanduku chake.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Hata mlinzi alijua. Ndiye aliyebeba."

"Sasa kwa nini hamkusema?"

"Nilisema, binti yangu. Mteja mwenyewe naye alisema, kwa sauti, ukumbini, watu wamejaa. Wakacheka."

Mpelelezi aliweka kalamu chini, akamwomba aanze mwanzo.

Haki ikatendeka, kwa kadiri ya hali ya hewa. Bwana Sponji aliwahi kuondoka nchini kwenda kutibiwa mgongo. Mtu aliyeuza magodoro maisha yake yote, tazama ubaya wa dunia. Benki ilitozwa faini, ikalipa bila kukiri kosa, na mwezi uliofuata kila mteja, muuza nyanya akiwemo, akaona makato mapya yanayoitwa ada ya uboreshaji wa huduma. Meneja alihamishiwa makao makuu kuongoza kitengo kipya cha uadilifu, kwa kuwa alikuwa na uzoefu wa karibu na tatizo. Aliyekamatwa ni binti wa kaunta namba mbili. Vidole vyake ndivyo vilivyohesabu, jina lake ndilo lililokuwa kwenye kompyuta. Samaki alikuwa ameoza kuanzia kichwani, wakakata mkia.

Bi Saini aliposikia hakulala. Si kwamba alimpenda sana yule binti. Alikuwa mzembe wa kupanga noti. Lakini mfuko ule ulikuwa wake, yeye ndiye aliyeukataa, na kukataa kwake ndiko kulikoupeleka kwa mwingine. Aliongea na wakili wa yule binti akajitolea kuwa shahidi. Meneja mpya alimwonya kwamba mfanyakazi anayetoa siri za benki huachishwa kazi. Jioni alimweleza mumewe.

"Tutaishi kwa mshahara wa mwalimu," alisema.

"Hiyo ndiyo hesabu ngumu sasa," mwalimu alijibu, akaendelea kula. Baadaye akaongeza, "Nenda."

Alikwenda, akaeleza mahakama nani aliubeba mfuko kutoka kaunta namba tatu kwenda namba mbili, na kwa mkono gani. Lakini yeye alikuwa shahidi mmoja, na benki ilileta wafanyakazi wanne waliokuwa wameangalia pembeni wakati uleule. Mlinzi naye alisema alikuwa anashughulika na mlango.

Kwa hiyo wakili wa binti akamwita Kitinda. Wapelelezi walikuwa wameshamwahidi kwamba hatashtakiwa akieleza yote. Nesi alimsindikiza, amevaa sare yake ya zamani ili watu wajue hatanii. Kitinda alisimama kizimbani amenenepa kidogo mashavuni, jasho linamtoka. Alieleza mifuko, gari, mlango wa nyuma, kiti, maji. Alipofika kwa meneja alijisahau akaiga sauti yake, "Baridi au ya kawaida, bosi wangu?" na kuna watu waliinamisha vichwa, maana ilikuwa ni meneja mtupu.

Mwendesha mashtaka akasimama. "Wewe ni teja, sivyo?"

"Nilikuwa. Najitahidi nisiwe."

"Mwizi pia. Umemwibia hata dada yako."

"Ndiyo. Pasi, sufuria, na vingine yeye hajui bado."

"Mtu kama wewe, nani mwenye akili timamu anaweza kukuamini?"

Kitinda akafikiri. Hakuwa akitafuta kuchekesha.

"Benki iliniamini," alisema. "Hawakuniomba hata kitambulisho."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu.

Binti aliachiwa huru. Kazi hakurudishiwa, ila alipewa nauli. Bi Saini alistaafishwa mapema na kupewa cheti cha shukrani chenye jina lake limekosewa. Siku hizi anatunza hesabu za nyumba ya nesi, kwa malipo ambayo mwalimu huyaita ishara. Kitinda aliteleza tena baada ya kesi, mara moja, vibaya. Wakamtafuta, wakamkuta, nesi akamwanzisha upya na kumwambia sasa njia ya kumchukia anaijua. Akarudi kuchomelea vyuma. Alipopata mshahara wake wa kwanza alikwenda benki, nyingine, ya upande wa pili wa barabara, kufungua akaunti. Waliangalia vidole vyake vilivyoungua kwa cheche, wakamwambia chanzo cha mapato yake hakijitoshelezi.

Jumapili huwa anakuja kwa dada yake, anakula, anawaiga watu wa kazini kwake mpaka mwalimu anavua miwani na kufuta macho. Juzi alishiba akasinzia kwenye kochi, mdomo wazi, mchana kweupe. Bi Saini alikuwa akitoa vyombo. Alisimama na sahani mkononi, akamtazama. Akaziweka chini, akavuta kigoda, akakaa karibu akimsikiliza anavyopumua, mpaka akawa na hakika kwamba ni usingizi tu.